Tupeane uzoefu: kikundi chako cha ngoma ya asili kimewahi kupata msaada wa serikali? Ilikuwaje (Mwanza na kanda ya ziwa)

Ng'wana Kisesa
Mwangaluka wakuu. Mimi ni katibu mpya wa kikundi cha bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe ya Kisukuma, huku upande wa Kisesa, kazi nimeipokea kwa mzee aliyekuwa anaandika kila kitu kwenye kaunta buku moja, na wazee wameshanipa kazi ya kwanza, kutafuta ngoma kubwa mpya, mana iliyopo gogo limepasuka na hata tukiipasha motoni ngozi haikazi. Nimeanza kuulizia serikali ina nini kwa watu kama sisi. Nilichokusanya mpaka sasa: kuna BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, liko kwa Sheria Na. 23 ya 1984, ndo linasajili vikundi na kutoa vibali. Kuna Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unaokopesha kupitia mabenki. Kuna asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, 4 wanawake, 4 vijana, 2 wenye ulemavu, haina riba. Alafu kuna mialiko ya sherehe za serikali. Ruzuku, yani hela ya kununua ngoma na kufundishia watoto bila kuirudisha, kwa kikundi kama chetu bado sijaiona.

Sitaki maneno ya semina, nataka waliopitia. Ulienda ofisi gani, uliombwa karatasi gani, hela ilifika au haikufika, na ngoma yenyewe ilibaki ngoma? Majina ya maofisa tusitaje, tunatafuta njia hatutafuti ugomvi.

Jembe Mbili
Sisi msaada wetu ni kuitwa. Mwenge wa Uhuru ukija tunaitwa, waziri akija tunaitwa, mradi wa maji ukizinduliwa tunaitwa, unapigiwa simu jioni kesho saa 12 asubuhi muwe uwanjani mmevaa, gari linakuja kuwachukua lakini kurudi mnajitegemea, mnapewa maji na soda na bahasha ambayo ukiigawa kwa watu 20 na kitu haifiki nauli ya daladala. Sisemi tusiitwe. Septemba 2021 Rais Samia alivyokuja Kisesa akasimikwa Chifu Hangaya nilikuwepo, nchi nzima iliangalia Usukuma siku ile na mimi nilijisikia fahari mpaka nikatokwa machozi. Heshima ipo tena kubwa. Ninachotaka mimi ni Septemba iliyofuata, na Machi iliyofuata, wakati hakuna mgeni na ngozi imeliwa na panya.

Mama Turubai
Mwanangu Ng'wana Kisesa nitakuandikia kirefu mana sisi hela tulipata, tena ya halmashauri, ile ya asilimia 10 fungu la wanawake.

Kikundi chetu ni cha akina mama, tunacheza na kuimba, wanaume wako wachache wa kupiga ngoma tu. Mara ya kwanza tulipeleka andiko linasema tunaomba mkopo wa ngoma, mavazi na jukwaa. Afisa maendeleo ya jamii, mtu mwelewa kabisa, alilisoma akauliza swali moja tu, mtarejesha na nini? Tukasema harusi. Akauliza harusi mwezi wa pili ziko ngapi? Hapo ndo tulikaa chini tukaandika upya. Ngoma zetu wote mnajua zina msimu, watu wakishavuna mpunga na pamba wana hela na wana nafasi, kuanzia mwezi wa sita mpaka wa tisa huko, tunaitwa mpaka tunakataa. Mvua zikianza kila mtu yuko shambani na simu haziiti. Lakini marejesho ni kila mwezi, hayajui kama kuna mvua. Kwaiyo tukaomba ngoma pamoja na maturubai na viti vya plastiki, mana turubai linakodishwa hata kwenye msiba na msiba hauna msimu. Hiyo ikapita. Tuliomba pia marejesho yasianze mwezi huohuo tukakubaliwa.

Karatasi walizotaka: katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao wenye sahihi za wanachama wote, barua ya mtendaji wa kata, namba za NIDA yani za kitambulisho cha taifa, akaunti ya benki kwa jina la kikundi, na lile andiko lenyewe. NIDA ndo ilitutesa, bibi zetu wawili wanaojua nyimbo kuliko sisi wote hawakuwa nazo, ikabidi wasiandikwe kwenye kikundi mpaka walipozipata baadaye. Yani kwenye karatasi kikundi kilikuwa hakina walimu wake.

Mkopo tumemaliza kulipa. Ila umeuliza kama ngoma ilibaki ngoma, na hapo nina uchungu. Kwenye harusi MC anakupa dakika 10 kabla ya keki. Bugobogobo yetu ilikuwa inaanza kwa manju, yule kiongozi wa nyimbo, kuimba peke yake, anasalimia wenyeji, anaitaja familia, alafu ngoma zinaingia moja moja, ndo majembe yanakuja kurushwa. Sasa hivi tunaingia na majembe moja kwa moja mana ndo watu wanayapiga picha. Mabinti waliojiunga nasi baada ya mkopo hawaujui ule mwanzo, hawajawahi kuusikia. Hela ya kurudishwa inatafuta mahali inapolipwa haraka, nyimbo za mwanzo hazilipwi na mtu.

Ng'wana Kisesa
Wabeja sana mama. Hapo kwenye msimu hakuna aliyewahi kuniambia, na andiko nililoanza kuandika limesema harusi tupu.

Mzee wa Pamba
Vijana mkumbuke hii haikuanza jana. Zamani ngoma ilikuwa na mwenyewe. Ntemi, yani chifu wetu, alikuwa na ngoma zake za utemi, zina watunzaji wake, wanakula kwake, ngozi ikichakaa ng'ombe anachinjwa zizini kwa ntemi inawambwa mpya. Baada ya uhuru, Desemba 1962, Mwalimu Nyerere akaunda wizara ya utamaduni wa taifa na vijana na akasema wazi kwamba nchi isiyo na utamaduni wake ni mkusanyiko wa watu tu. Tulishangilia. Mwaka uliofuata, 1963, utemi ukafutwa kisheria. Sisemi ilikuwa vibaya kuufuta, taifa lilitaka kuwa moja, nasema yule aliyekuwa ananunua ngozi aliondoka. Ngoma nyingi za watemi ziliishia Bujora kwenye makumbusho ya padre Clement, na ashukuriwe mana pengine zingekuwa kuni.

Serikali ilianzisha kikundi cha taifa cha ngoma miaka ya 60, bugobogobo yetu ikachezwa na watu wa makabila yote, alafu 1981 kikaja Chuo cha Sanaa Bagamoyo ambacho sa hivi ni TaSUBa. Majeshi na mashirika ya umma nayo yalikuwa na vikundi, mchezaji anapokea mshahara. Mashirika yalipobinafsishwa miaka ya 90 vingi vikafa navyo. Mimi nilikuwa kwenye kimojawapo, nilikuwa napiga ngoma na nilisomesha watoto. Mtu akiniambia ngoma hailipi huwa namwambia ililipa, nilikuwepo.

Bayeye Mmoja
Kwa sisi tunaocheza na chatu shida siyo hela kwanza, ni kibali. Kukaa na mnyama pori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Wanyamapori ya 2009, na hiyo sheria ni nzuri tu, nyoka wanaisha. Ila kikundi chenye jina kongwe kinaitwa kwenye sherehe ya serikali kikacheze na nyoka, njiani kinasimamishwa na gari la serikali hiyohiyo kinaulizwa kibali cha nyoka. Yametukuta, tulicheleweshwa mpaka sherehe ikaisha. Hata mavazi, ukivaa manyoya ya mbuni au ngozi ya mnyama wa porini utaulizwa umeitoa wapi, ni nyara za serikali. Sisi sasa tunatumia ngozi ya mbuzi na ng'ombe, na nyoka tunafuatilia kibali mapema kwa maandishi. Ushauri wangu kwa katibu, mwaliko wowote wa serikali omba barua yenye mhuri, iandikwe mnakuja na vifaa gani. Barua hiyo imetusaidia kuliko bahasha yoyote. Na gogo lako jipya la ngoma usilikate kienyeji, pita maliasili kwanza.

Msukuma wa Baridi
Mimi niko Kanada, niliondoka Nyegezi kitambo. Huku wenyeji asilia, watu waliokuwepo kabla ya wazungu, serikali iliwakataza kwa sheria sherehe yao kubwa inayoitwa potlatch kuanzia 1885 mpaka 1951, watu walifungwa, vinyago vikachukuliwa. Leo serikali hiyohiyo kupitia Canada Council for the Arts ina programu maalum kwa sanaa zao tangu 2017, na kinachonigusa ni vitu viwili. Kwanza ni ruzuku, siyo mkopo. Pili wanaosoma maombi na kuamua ni wenyeji asilia wenyewe, na anayeweza kuomba siyo msanii wa jukwaani tu, hata yule anayebeba utamaduni, mzee anayejua na kufundisha, anaingia. Nimefanya kazi na dada mmoja wa kwao, akaniambia bibi yake analipwa kufundisha ushonaji wa ngozi kwa wajukuu. Malalamiko yao yapo mengi, ila lile la bibi nililitamani sana kwetu. Wale bibi wawili wa Mama Turubai wangekuwa watu wa kwanza kulipwa.

Jembe Mbili
Na hilo la kuamua wenyewe sisi tunalo tangu karne ya 19 wakuu! Bagika na Bagalu, yale makundi mawili makubwa ya wacheza ngoma Usukumani, watu wa Ngika na watu wa Gumha, mnacheza siku moja uwanja mmoja upande huu na upande huu, na mwamuzi ni watu, kundi lililovuta umati ndo limeshinda. Njoo Bulabo, sikukuu ya Ekaristi, uone. Anayetaka kujua kikundi gani kiko hai asiangalie cheti, akae katikati ya uwanja ule.

Mwalimu Kisiwani
Niko Ukerewe, shule ya msingi, nasimamia ngoma. Kwa watoto serikali inafika kupitia UMITASHUMTA, ile michezo ya shule za msingi, ngoma na kwaya zimo kwenye mashindano, na hilo ni jambo kubwa msilidharau, watoto wangu wengi wamevuka ziwa mara ya kwanza kwa ajili ya ngoma. Tatizo ni nani anafundisha. Mimi nimesomea hisabati. Enanga, hii zeze yetu ya kulaza, wanaoipiga kisiwani kwangu nawajua kwa majina na wote ni wazee. Mmoja nilimwomba aje shule, akaja anatembea kwa fimbo, watoto walikaa kwa ukimya ambao mimi kwenye namba siupati, na wakati wa kuondoka sikuwa na kifungu cha kumlipa mana hela za shule zina matumizi yake na mwalimu wa nje wa enanga hayumo. Kamati ya shule ilichanga mihogo na samaki. Alikuja tena na tena mpaka miguu ikamzuia, sasa watoto wanaenda kwake jumamosi. Nikipewa nafasi ya kuomba kitu kimoja kwa serikali siombi vifaa wala jengo, naomba mzee kama yule alipwe posho ya kufundisha kama anavyolipwa mtu wa semina.

Utamaduni Mstaafu
Nimesoma yote. Nilikuwa afisa utamaduni kwenye wilaya nisiyoitaja. Mnaona ofisi ina kibao mnadhani ina fungu. Mara nyingi utamaduni uko kitengo kimoja na michezo, na hela inayopatikana inamezwa na timu. Mimi mwenyewe nimewalipia vikundi nauli mfukoni. Lakini kuna mlango ambao vikundi haviujui, bajeti. Mwaka wa serikali unaanza Julai 1, ila halmashauri inapanga miezi mingi kabla, kuanzia mwishoni mwa mwaka, na Januari Februari baraza la madiwani linapitisha. Kikundi kikija ofisini mwezi wa tano kimechelewa, namba zishakaa. Njoo Oktoba, Novemba, na barua ya kurasa moja, kitu kimoja kidogo chenye bei, mfano kufundisha vijana wa kata moja msimu mmoja, posho ya manju, nauli, ngozi. Nakala mpe diwani wako, na mwalikeni aje awaone mkicheza kabla ya kikao, mana diwani aliyeona ataitetea. Hivyo nimeona hela ndogo zikitoka, ruzuku kabisa, isiyorudishwa. Siyo kila wilaya, ila zimetoka.

Na kitu kingine, sajilini nyimbo za manju wenu COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Watu wanakuja na simu wanarekodi wanaweka YouTube kwa jina lao.

Mama Turubai
Baba hilo la Oktoba tungelijua mapema jamani. Mimi nitapeleka la wale bibi wawili na wimbo wa mwanzo, siyo maturubai tena.

Ng'wana Kisesa
Mama naomba kama una nakala ya katiba yenu uipige picha uniwekee hapa, kurasa zote, hata kama mwandiko ni wa mkono. Mzee Mstaafu, hiyo barua ya kurasa moja inaenda kwa mkurugenzi kupitia mtendaji wa kata au naipeleka moja kwa moja masjala?

Utamaduni Mstaafu
Kwa mkurugenzi, ipitie kwa mtendaji wa kata agonge mhuri, alafu uipeleke masjala mwenyewe na usainiwe nakala yako. Bila nakala iliyosainiwa hujapeleka kitu.

Mama Turubai
Katiba naipiga picha kesho kukiwa na mwanga, ni kurasa nyingi.