Nimeambiwa sina akili ya hisia kazini, naombeni ushauri

Mtulivu88: Wakuu, habari za jioni. Nasimamia timu ya watu 6. Bosi kaniita, kaniambia kazi naijua ila akili ya hisia sina, watu wananiogopa. Chanzo ni dada mmoja aliyelia kikaoni nilipomweleza makosa ya ripoti yake. Sikumtukana, sikupaza sauti. Usiku silali, naukumbuka mlango alivyoufunga taratibu. Hii kitu mtu anajifunzaje? Matusi hapana, tafadhali.

Kalamu Butu: Mkuu, usijitese. Bosi wangu wa kwanza alinirushia faili sakafuni na leo mimi ni meneja. Siku hizi machozi yako karibu mno.

Mama Pacha: Mimi nililia chooni miaka 3. Poda niliiweka kwenye droo kwa kazi hiyo tu, nirudi mezani uso ukiwa mkavu. Na bosi wangu hakuwahi kupaza sauti hata siku moja. Hilo lisikufariji.

Fundi Saa: Watu hudhani akili ya hisia ni kuwa mpole. Wanasaikolojia Salovey na Mayer walipoieleza mwaka 1990 walisema ni kuzifuatilia hisia zako na za wenzako, kuzitofautisha, kisha kuzitumia kuongoza unavyofikiri na kutenda. Anza na zako. Ulihisi nini kabla hajalia? Na mlikuwa wangapi?

Mtulivu88: Timu nzima. Na bosi. Nilihisi hasira.

Fundi Saa: Hasira ya nini? Kuna mahali unaruka.

Mtulivu88: Sawa. Zile namba zilizokosewa nilimpa mimi. Niligundua katikati ya kikao, yeye kasimama, kaishika karatasi kwa mikono miwili. Bosi ananitazama. Nikaendelea. Lakini jamani, na yeye si alipaswa kuhakiki? Nimeshaandika barua ahamishiwe kitengo kingine, kwa faida yake, apumue.

Kalamu Butu: Aisee. Hapo sina la kukutetea.

Fundi Saa: Hiyo si hasira ndugu yangu, ni hofu. Ungeitambua palepale, ungepata hata sekunde ya kusema "namba hizi nilitoa mimi". Sasa kaseme mbele ya walewale. Aibu ya hadharani haifutwi chemba.

Jicho Pevu: Hii chai. Juzi kulikuwa na uzi kama huu, ila aliyeandika ndiye aliyelia. Namba, karatasi ya mikono miwili, vyote vilimo. Umeugeuza upande tu.

Mama Pacha: Chai au si chai, karatasi hiyo nimeishika mimi.

Kalamu Butu: Kweli mleta mada, mbona vimefanana hivyo?

Mtulivu88: Jicho Pevu, huo uzi sijauona. Aliandika nini?

Jicho Pevu: Kwamba alijua namba si zake. Alisimama pale akisubiri mwenye nazo aseme.

Fundi Saa: Mtulivu, barua umeshaipeleka?

Mtulivu88: Bado ninayo. Kikao kijacho ni kesho asubuhi.