Benchi la nje limepasuka kichwani, nijaze gundi au?

MwambaoTanga
Wakuu habari za mchana. Mwarobaini wetu wa uani ulianguka mwezi wa tano mwaka jana, nikaona nisiufanye kuni, nikaita jamaa wa chenso akanipasulia ubao mmoja mnene inchi 3, urefu futi 5, nikauranda mwenyewe wiki mbili mpaka mikono malengelenge. Fundi wa kuchomelea akanipigia fremu ya skweapaipu tukalifunga bolti sita, kaza kweli kweli. Likatoka bab kubwa, nikaliweka nje upande jua la alasiri linakopiga.

Sasa juzi usiku tumelala nasikia KAA! kama mtu kavunja tawi. Asubuhi nakuta ufa umeanzia kichwani umeingia ndani kama sentimita 40, pale mdomoni sarafu ya mia mbili inazama yote na sisimizi wameshahamia. Hapa nina gundi nyeupe ya mbao na vumbi la msasa, nijaze nipige vanishi yaishe?

mama_wawili
Jaza tu, stuli zangu nilifanya hivyohivyo mwaka wa tatu huu hazina shida

randa_na_patasi
Dada stuli zako ziko ndani. Gundi nyeupe ya kawaida ikinyeshewa inarudi kuwa uji.

Mkuu achana na gundi kwanza. Yale matundu kwenye chuma ni ya duara yanabana bolti, au yana nafasi?

MwambaoTanga
Duara mkuu, zingine tuliingiza kwa nyundo 😅

randa_na_patasi
Basi ugonjwa ndo huo. Mti umeanguka mwezi wa tano, ubao wa inchi 3, huo ndani bado mbichi kabisa, sisi huwa tunahesabu mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Ubao ukikauka unasinyaa kwa upana (urefu haubadiliki wa kusema), wewe umeushika na chuma kulia na kushoto, wenyewe unataka kupungua chuma kinakataa, unategemea nini? Na kichwani ndiko maji yanakotoka haraka maana nyuzi zimekatwa ziko wazi, ndo maana nyufa zinapenda kuanzia huko.

Ukijaza kitu kigumu leo, masika ubao unavimba unakutana na hicho kigumu, ufa unasogea mbele. Fungua bolti leo leo. Rudi kwa wa kuchomelea akutanulie matundu yawe marefu kufuata upana wa ubao, weka washa pana, kaza kwa kiasi.

Mzee wa Chenso
Bana ufa na mpira wa tyubu ya baiskeli, zungusha kijiti ukaze, paka oili chafu, mchwa hawagusi

randa_na_patasi
Mzee wangu shikamoo, tyubu naikubali kwa ubao uliopasuka kwa skrubu au kudondoka, pande mbili zinarudiana, unatia gundi unabana. Huu umepasuka kwa kukauka, ukiulazimisha ujifunge utafunguka kwingine. Oili chafu ndo usithubutu, gundi haitashika tena na nguo za wageni zitakuhusu. Mwarobaini wenyewe mchungu, mchwa hawaupendi hivyo.

Mkuu fanya hivi: ubao kivulini, vichwa vyote viwili paka rangi ya mafuta mikono miwili. Ufa unapoishia chora mstari wa penseli na tarehe. Miezi miwili mitatu ukiona haujavuka mstari, hapo ndo tengeneza kipepeo cha mninga mkavu cha kushika ufa usizidi kufunguka, kile kipande chembamba kiunoni kipana mbavuni, nyuzi zake ZIVUKE ufa zisilale nao. Chimba kwa patasi kina cha inchi moja, gonga kiingie kwa kubana. Kisha ufa ujaze epoksi, ile gundi ngumu ya mirija miwili, changanya na unga wa mkaa, selotepu chini isivuje. Utapata mstari mweusi watu watadhani ulikusudia. Juu yake vanishi ya nje, epoksi ikipigwa na jua uchi inachakaa.

mama_wawili
Unga wa mkaa! Hiyo naiba

MwambaoTanga
Mrejesho wakuu. Nimefungua bolti tano fresh, ya sita imegoma, ubao umeing'ang'ania mpaka nikaigonga kwa chini, ilivyotoka ubao ukalia tik. Nikajaribu kuzirudisha ili nione, wapi, matundu ya ubao na ya chuma yamepishana karibu milimita 4. Vichwa nimepaka rangi iliyobaki ya geti, kwa hiyo nina ubao wenye ncha za bluu umelala barazani, na mama watoto anauliza jioni tutakaa wapi. Nimemtandikia mkeka.