Taa za rivasi za Peugeot 504 haziwaki, fundi anataka kushusha giaboksi. Naombeni ushauri kabla ya Jumamosi

Mtoto wa Mtoni
Wakuu habari za muda huu. Niende moja kwa moja kwenye mada.

Nina Peugeot 504 ya mwaka 1977, gia za mkono, ipo hapa Mtoni kwa Azizi Ali. Gari nzima, inawaka kwa funguo, haisukumwi. Taa zote ziko vizuri isipokuwa za rivasi, hizo zote mbili giza. Fundi umeme wa hapa mtaani kachungulia kidogo tu, kasema swichi imekufa na kuibadilisha lazima giaboksi ishuke. Anataka laki moja na nusu, spea juu yangu. Nilipolalamika akaja na njia nyingine: avute waya mpya kutoka betri mpaka taa za nyuma, aweke kiswichi chini ya dashibodi. Nikirudi nyuma nabonyeza, nikimaliza nazima. Elfu thelathini.

Mimi hili la pili nimelipenda, na kiswichi nimeshanunua. Nauliza tu kama lina madhara. Muhimu ziwake kabla ya Jumamosi. Wajuzi karibuni.

Bodaboda Mstaafu
Tafuta konda aliyeachishwa kazi, akae nyuma agonge bodi. "Rudi, rudi, rudi, kata kulia, rudiii... hapo hapo!" Huyo hahitaji waya wala fyuzi.

Dada wa Sinza
Elfu thelathini ndiyo faini ya trafiki kwa kosa moja. Naona hesabu zimekubana pande zote.

Fundi Spana Kumi na Tatu
Mkuu, kwanza huyo fundi muache apumzike. Swichi ya rivasi haikai ndani ya giaboksi. Imefungwa kwa nje, kwa uzi wa nati, unaifikia kwa chini. Unaweka spana, unafungua, oili kidogo inaweza kudondoka, unafunga nyingine. Hakuna cha kushusha hapo.

Inavyofanya kazi: ukiingiza rivasi, chuma cha ndani kinachosogeza gia kinasukuma kipini cha swichi, umeme unapita, taa zinawaka. Ukitoa gia, kipini kinarudi, zinazima. Na umeme wenyewe unapitia swichi ya funguo kwanza, ndiyo maana ukichomoa funguo taa hazibaki zikiwaka hata kama umepaki ukaacha gia ya rivasi.

Sasa taa mbili kufa kwa pamoja, mara chache inakuwa balbu. Anza na fyuzi. Kwenye magari ya umri huo fyuzi inaweza kuwa nzima kabisa kwa macho, lakini pale inapobanwa pameshika ukungu wa kijani na umeme haupiti. Itoe, sugua kwa msasa laini, rudisha. Bado? Lala chini ya gari, tafuta waya mbili zinazoingia kwenye swichi, zichomoe. Washa swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha unganisha waya hizo mbili kwa kipande cha waya. Taa zikiwaka, swichi ndiyo mbovu. Zisipowaka, swichi haina kosa, tatizo liko kwenye waya, fyuzi, balbu au erthi, yaani njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi.

Kuhusu hicho kiswichi cha dashibodi: balbu za rivasi huwa wati 21 kila moja. Mbili ni 42, gawanya kwa volti 12 unapata ampea 3.5. Siku ukisahau ukalala kwa muda wa saa kumi, zimekula ampea-saa 35. Kwa betri ya 45, asubuhi utakuwa unatafuta vijana wa kusukuma. Na waya wa moja kwa moja kutoka betri usio na fyuzi, ukichubuka ukagusa bodi, unapeleka moto mpaka nyuma kwenye tangi la mafuta.

Mzee wa Chang'ombe
Nimeona tu 504 nikavaa miwani. Vijana hamjui magari nyie. Hapa Tanzania aliishi Mskoti mmoja, Bert Shankland, aliyechukua Safari Rally mwaka 1966 na tena 1967, miaka miwili mfululizo, akiwa na Peugeot 404. Enzi hizo mashindano yanapita nchi zote tatu za Afrika Mashariki, tope mpaka kiunoni. Halafu 504 ikaja ikachukua 1975, dereva Ove Andersson, yule yule aliyekuja kuongoza timu ya Toyota huko Ulaya. Mwaka 1978 tena, safari hii Jean-Pierre Nicolas. Na hakuna hata mmoja wao aliyekuwa analia habari za taa za rivasi.

Marehemu mjomba wangu alikuwa na 504 ya abiria, ile ndefu ya nyuma, anapiga Dar hadi Morogoro na magunia juu. Siku moja pale Mlandizi

Mzee wa Chang'ombe
Simu imejituma yenyewe. Nitaendelea.

Dada wa Sinza
Mzee wetu usituache Mlandizi.

Mchungulia Dirisha
Mleta uzi, Jumamosi kuna nini?

Mtoto wa Mtoni
Fundi Spana nashukuru sana, umeeleza vizuri. Ila huko chini ya gari mimi si mtu wake. Mchungulia, kuna mtu anakuja kuiangalia. Tubaki kwenye taa.

Fundi Spana Kumi na Tatu
Swali moja. Giaboksi imeshawahi kuguswa?

Mtoto wa Mtoni
Sidhani kama linahusiana.

Fundi Spana Kumi na Tatu
Linahusiana kuliko yote niliyoandika pale juu. Imeshushwa au haijashushwa?

Mtoto wa Mtoni
Imeshushwa. Ya zamani ilikuwa inarusha gia ya tatu, ukiachia mafuta tu inatoka yenyewe. Nikaenda Ilala, Shauri Moyo, nikapata ya Peugeot 505, ya gia tano, imefungwa na mafundi wa mtaa wa Gerezani. Na kwa ukweli rivasi zilikuwa zinawaka kabla ya hapo. Lakini gari sasa inatembea vizuri kuliko mwanzo, kwa hiyo sikuona haja ya kuanza kueleza historia yote.

Fundi Spana Kumi na Tatu
Haya! Yaani taa zilikuwa zinawaka, giaboksi ikashuka, ikapanda nyingine, taa zikagoma, na wewe unatuandikia swichi imekufa. Bosi, waya hazijarudishwa. Au plagi ya hiyo ya 505 haikuingiliana na waya zako, aliyefunga akazifunga tepu na kwenda kula. Kuna na uwezekano wa tatu, kwamba swichi iliyokuja na giaboksi imewekewa washa nene, kile kiduara cha chini yake, kipini hakifiki kwa ndani. Lala chini uangalie kabla hujatoa hata shilingi.

Mchungulia Dirisha
Na huyo mtu wa Jumamosi ni mnunuzi, si ndiyo?

Mtoto wa Mtoni
Ndiyo ni mnunuzi. Kuna ubaya gani? Ni mtu anayekusanya magari ya zamani. Alikuja mara ya kwanza, akazunguka, akawasha kila taa, akasema anachotaka yeye ni gari ambayo kila kitu kipo kama kilivyotoka kiwandani. Kitu pekee alichokilalamikia ni rivasi. Basi mimi namrekebishia rivasi. Advansi ameshatoa.

Dada wa Sinza
Kama ilivyotoka kiwandani, na giaboksi ya gari lingine tumboni. Kaka yangu.

Mtoto wa Mtoni
505 na 504 baba mmoja mama mmoja. Na hakuuliza giaboksi, aliuliza taa. Ukienda dukani kuuza shati unaanza kumhesabia mteja vifungo?

Bodaboda Mstaafu
Sasa mnunuzi akikaa kwenye usukani akakuta gia ya tano atasema imeota?

Mtoto wa Mtoni
Kichwa cha gia nimerudisha cha zamani, chenye mchoro wa gia nne. Na siku ya kujaribu nitaendesha mimi.

Bodaboda Mstaafu
NITAENDESHA MIMI. Nimecheka mpaka abiria kageuka.

Dada wa Sinza
Si ulisema umestaafu?

Karani wa Baraza
Mimi magari siyajui, ila nimekaa mahakamani miaka mingi na kuna kitu kinaniwasha. Kijana wangu, 504 ya mwaka 1977 mtu wa umri wako ameipataje? Kadi ya gari ina jina la nani?

Mtoto wa Mtoni
La familia.

Karani wa Baraza
Familia haiandikwi kwenye kadi.

Mtoto wa Mtoni
La marehemu baba. Lakini gari imekaa kwangu, nimeihudumia mimi, matairi mimi, giaboksi mimi. Kaka yupo Mwanza, dada yupo Tanga, hakuna aliyewahi kuniuliza hata betri inaendeleaje. Leo nikitafuta hela ya kumalizia chumba mnaniletea mambo ya ukoo. Mimi nimekuja kuuliza taa.

Karani wa Baraza
Nimekuelewa, na gharama zako zina haki yake. Lakini sikiliza. Mali ya marehemu haiuzwi na aliyebaki nayo uani. Mnakaa kikao cha ukoo, mnaandika muhtasari, mnampendekeza mtu, mnakwenda Mahakama ya Mwanzo na cheti cha kifo, mahakama inamteua msimamizi wa mirathi. Huyo ndiye anayeuza au kugawa. Pale TRA mnunuzi wako atakapotaka kadi ibadilishwe jina, wataomba hati ya usimamizi. Huna. Hapo ndipo advansi itakapotafutwa, na siku hizo huwa imeshakuwa bati na saruji. Hizo gharama ulizoingia zitaje kwenye kikao, zihesabiwe. Kaka na dada wakisaini, unauza mchana kweupe na rivasi zako zinawaka.

Nimeshuhudia ndugu wa tumbo moja wakinyimana salamu msibani kwa sababu ya trekta lisilo na injini.

Mzee wa Chang'ombe
Amesema kweli. Hata ile 504 ya mjomba niliyoanza kuwasimulia, alipofariki ilichukuliwa na mtu tusiyemjua mpaka leo. Basi siku hiyo pale Mlandizi mvua imenyesha, breki hakuna

Chai ya Rangi
Nimesoma uzi mzima kimya kimya. Wakuu, mmeingizwa mjini. Hii ni chai.

Angalieni vizuri. Mtu kaanza na shida ndogo ya taa. Kidogo kidogo tumejua gari inawaka kwa funguo, matairi mapya, giaboksi imebadilishwa na ni ya gia tano, inatembea vizuri kuliko mwanzo, na kuna mnunuzi ameshatoa advansi, maana yake wahini. Mpaka eneo ilipo tumetajiwa. Hakuna baba, hakuna kaka wa Mwanza. Hili ni tangazo la gari, limevalishwa kanga ya ushauri.

Bodaboda Mstaafu
Duh. Na mimi nilishaanza kumwonea huruma dada wa Tanga.

Mchungulia Dirisha
Kama ni tangazo, bei gani?

Gari Jekundu
Rangi? Ina kutu chini ya milango?

Mtoto wa Mtoni
Mnanikosea heshima. Mtu hawezi kumzulia baba yake kifo kwa ajili ya gari. Siuzi humu, na ninayemuuzia yupo.

Gari Jekundu
Sawa, lakini kutu ipo au haipo?

Chai ya Rangi
Uzi bila picha ni chai. Ingia chini ya gari yako, piga picha hapo alipokuelekeza Fundi Spana, weka hapa. Ni kazi ya nusu saa.

Dada wa Sinza
Amenyamaza. Tuanue turubai.

Mtoto wa Mtoni
[picha]

Haya. Shati limeoza kwa grisi, nimemkodi kijana wa kuosha magari ashike tochi. Mnaona?

Fundi Spana Kumi na Tatu
Naona vizuri sana. Waya mbili zimefungwa tepu nyeusi kila moja peke yake, zimening'inizwa pembeni ya waya wa spidomita. Na pale ubavuni swichi ipo, tundu lake tupu, halijawahi kuchomekwa kitu, vumbi halijaguswa. Aliyekufungia aliona plagi haziingiliani akaacha.

Kata ncha za waya, weka vibano viwili vidogo vinavyoingia kwenye miguu ya swichi, funika na tepu. Yoyote iingie popote, hapo hakuna chanya wala hasi, swichi inafungua na kufunga tu. Kiswichi cha dashibodi kirudishe dukani.

Chai ya Rangi
Picha ya waya inathibitisha waya.

Gari Jekundu
Kwa nilivyoona hapo kwenye kona, sakafu haina kutu. Narudia kuuliza bei.

Karani wa Baraza
Gari Jekundu, unataka kununua kesi?

Mtoto wa Mtoni
Fundi Spana Mungu akubariki. Nimefanya kama ulivyosema, nikaingiza rivasi. Ya kulia imewaka, nyeupe, kali. Ya kushoto bado. Balbu nimezibadilishana nafasi, ile ile ya kushoto kulia inawaka, kwa hiyo balbu nzima. Kiswichi nimekiweka kwenye droo, huwezi kujua.

Karani wa Baraza
Na kaka wa Mwanza?

Mtoto wa Mtoni
Mzee wangu, mambo ya familia nitayapeleka kwa familia. Dada nimemtumia ujumbe, ameusoma.

Karani wa Baraza
Ameusoma akajibu nini?

Fundi Spana Kumi na Tatu
Ya kushoto ni erthi. Toa kile kikombe cha balbu, utakuta kutu nyekundu kwenye bati linaloshika balbu na pale taa inapofungwa kwenye bodi. Kwangua mpaka chuma king'ae, paka grisi kidogo, funga. Ukitaka uhakika kabla ya kukwangua, shika waya, upande mmoja gusa lile bati linaloshika balbu, mwingine gusa chuma safi cha bodi. Ikiwaka, umeshapata jibu.

Na mnunuzi mwambie giaboksi ni ya 505. Hao wanaokusanya magari ya zamani huwa wanalala chini na tochi zao wenyewe.

Mtoto wa Mtoni
Kushoto imewaka baada ya kukwangua. Hilo la pili nalifikiria.

Mama Wawili Tegeta
Fundi Spana samahani naingilia. Noah yangu taa za rivasi zinawaka hata nikiwa kwenye D, watu wa nyuma wananipigia honi. Nianzie wapi?

Fundi Spana Kumi na Tatu
Hiyo ni otomatiki dada, swichi yake ni nyingine na inakaa kwingine. Fungua uzi wako nitakuja. Uanze na walichokigusa mara ya mwisho.