Psycho Circus ya Kiss: sura nne kwenye kava, wapigaji wengine studio. Tulipigwa changa la macho!

Wakuu, hasira hii nimeibeba muda mrefu, leo naitua hapa.

Tangu Ace Frehley, mpiga gitaa wa bendi ya roki ya Kiss, afariki Oktoba 2025, kila nikipita mtandaoni nakuta mtu kabandika kava la albamu yao ya Psycho Circus na maneno ya "kazi ya mwisho ya wakongwe wote wanne". Chini yake watu wanalia na kuweka mioyo. Jamani! Mnamlilia marehemu kwa kumsifia solo alizopiga Tommy Thayer, mpiga gitaa wa kukodi! Mngeweka basi hata zile za miaka ya sabini tukaelewana.

Kwa wasioijua kesi hii, naipitia haraka. Kiss wameanzia New York mwaka 1973: Paul Stanley, Gene Simmons, Ace Frehley kwenye gitaa la solo na Peter Criss kwenye ngoma. Nyuso zimepakwa rangi, kila mmoja na sura yake: mwenye nyota jichoni, shetani, mtu wa anga za juu, paka. Criss akaondoka 1980, Frehley akafuata 1982, na mwaka uliofuata waliobaki wakafuta rangi usoni. Kisha tarehe 16 Aprili 1996 wanne wale wale wakatokea wamepakwa rangi upya ndani ya USS Intrepid, ile meli ya kivita iliyogeuzwa makumbusho pale New York. Juni 28 wakafungua ziara Tiger Stadium, Detroit, uwanja umejaa. Ziara ile sina neno nayo. Waliopanda jukwaani ndio waliokuwa kwenye bango, na watu wazima walilia kama watoto, haki yao.

Sasa mtu ukiishapata furaha ya namna ile, unasubiri nini? Albamu. Mashabiki walikaa miaka miwili wakiisubiri, na tarehe 22 Septemba 1998 ikatoka. Kava lake lile la kuchezacheza ukiligeuza mkononi, sura nne zipo. Ikaingia chati ya Marekani moja kwa moja nafasi ya tatu. Tangazo lilikuwa moja tu: wanne wamerudi studio.

Wapi! Nyimbo kumi, na Criss kashika vijiti vya ngoma kwenye wimbo mmoja. MMOJA. Kwingine kote ngoma kapiga Kevin Valentine. Solo za gitaa, sehemu kubwa kapiga Thayer, yule yule aliyekuwa amemsaidia Frehley kuzikumbuka solo zake mwenyewe kabla ya ziara ya 1996. Bruce Kulick, mpiga solo waliyemwacha nje waliporudisha wakongwe, naye yumo ndani ya wimbo wa Within. Sasa chukua kijitabu cha albamu utafute wapigaji hao: Thayer hayupo, Valentine hayupo. Kwetu kwenye dansi mpiga solo akianza kuchacharika anaitwa kwa jina katikati ya wimbo, na mpiga besi akitajwa anafurahi hadi mtaani kwao. Hawa jamaa wamepiga albamu karibu nzima, halafu hata herufi ndogo kabisa wamenyimwa.

Thayer simlaumu. Kijana aliitwa kazini, akapiga, akalipwa. Waliosaini geresha hii ni wawili, Stanley na Simmons.

Ushahidi umo humo humo kwenye CD. Weka Psycho Circus, wimbo wa kwanza. Mzuri, sikatai, uliteuliwa hadi Grammy na kiitikio chake kinakaa kichwani wiki nzima. Prodyuza Bruce Fairbairn alikuwa fundi, amepitia Bon Jovi na Aerosmith, kila kitu kimenyooka kama kimepigwa pasi. Sasa ruka hadi wa nne, Into the Void. Mnasikia? Ngoma zinaburuta kidogo nyuma ya mdundo, zinayumba kama mtu anayetembea ameshiba. Huyo ndiye Criss, mtoto wa jazi, mtu aliyemhusudu mpiga ngoma wa jazi Gene Krupa tangu utotoni. Gitaa nalo linaingia likiwa na uchafu wake, noti inavutwa mpaka inatetemeka, linakosea kidogo halafu linarudi njiani kwa ubabe. Huyo ni Ace. Dakika nne na ushee hivi wanne wote wanapiga pamoja, na bila kuambiwa na mtu unajua hii ni Kiss. Wimbo wa tano ukianza, mlango umefungwa.

Na wa tano wenyewe unaitwaje? We Are One. Sisi ni kitu kimoja! Huo ni uso mkavu wa kiwango cha juu. Wa sita, You Wanted the Best, wanne wote wanapokezana kuimba, maana sauti ni rahisi kuonyesha: msikilizaji akisikia koo nne anahesabu watu wanne, hatauliza vyombo. Criss kapewa pia I Finally Found My Way, wimbo wa taratibu uliotungwa na Stanley na Bob Ezrin, aimbe kwa huzuni kwamba hatimaye ameipata njia ya kurudi nyumbani. Nyumbani gani hapo, mkuu, wakati kiti cha ngoma kakalia mwingine?

Najua mtakuja na utetezi. Wa kwanza nimeuchoka: "Kiss walifanya hivyo tangu zamani." Kweli kabisa. Albamu ya Destroyer ya 1976, solo ya wimbo wa Sweet Pain alipiga mtu wa nje, Dick Wagner, kimya kimya. Alive II, upande wa nyimbo mpya, kuna gitaa la Bob Kulick. Dynasty ya 1979 Criss alipiga wimbo mmoja tu, zilizobaki ni Anton Fig, na Unmasked hakupiga kabisa huku sura yake ikiwa kwenye kava. Creatures of the Night ya 1982 wamemweka Frehley kwenye kava na hajagusa hata waya mmoja. Sasa huo ni utetezi au orodha ya makosa ya mshtakiwa? Mwizi akikamatwa mara ya sita hakimu hampunguzii adhabu kwa uzoefu.

Tena zile za zamani tofauti yake ipo. Mwaka 1979 hakuna aliyekuwa akiuza muungano. Bendi ilikuwa inabomoka na walikuwa wanaficha nyufa. 1998 muungano wenyewe ndio ulikuwa bidhaa. Ukiondoa Frehley na Criss hakuna kinachobaki cha kuuza. Ni albamu ya Stanley na Simmons na vijana wa kukodi, kama zile za miaka ya themanini.

Utetezi wa pili una uzito kidogo: kwamba Ace na Peter hawakuwa fiti, walikuwa wasumbufu, na mawasiliano yakawa ni ya wanasheria. Stanley amelieleza hilo kwa uchungu. Frehley naye hadi mwisho alishikilia kuwa hakuitwa studio. Nani mkweli? Pengine wote wawili, kila mtu kwa upande wake. Tukumbuke tu kwamba kwenye muungano ule wawili walikuwa wenye mali na wawili waajiriwa wa mkataba. Ila haya ni ya ndani kwao. Kama imeshindikana kupiga pamoja, toa wimbo mmoja mliopiga, toa shoo za moja kwa moja, waambie watu ukweli. Msiuze mbuzi kwenye gunia halafu mkamlaumu mbuzi kwamba alikuwa mkorofi.

Kinachoniuma zaidi ni yaliyofuata. Ziara ya albamu ile ilifunguliwa Dodger Stadium usiku wa tarehe 31 Oktoba 1998, watu wakapewa miwani ya karatasi waone picha zikiwatokea usoni. Miwani ya kuona kisichokuwepo! Kufika 2003 Thayer kapakwa rangi ya Ace na kusimama mahali pake, na sura ya paka ikaishia kwa mpiga ngoma mwingine, Eric Singer. Tarehe 2 Desemba 2023, Madison Square Garden, shoo ya kuagana: Frehley hayupo, Criss hayupo, na mwisho kabisa wakaletwa vikaragosi vya kompyuta viimbe badala ya binadamu. Watu walishangaa. Mimi sikushangaa, kwa sababu 1998 walishafanya jaribio wakaona tunanunua sura bila kuuliza nani yuko nyuma yake.

Kwa hiyo ukitaka kumuenzi Ace, weka Love Gun ya 1977, weka ile albamu yake binafsi ya 1978. Psycho Circus isikilize kama albamu ya kawaida, ina nyimbo tatu nne nzuri, lakini usiniambie ni muungano.

NYONGEZA: Naulizwa kama Ace aliimba wimbo mmoja tu ukiacha ule wa kupokezana. Hapana, aliimba mbili, wa kwanza ni Into the Void. Wa pili unaitwa In Your Face, katunga Simmons, una fujo yake na unachangamsha kuliko nusu ya zile zilizobaki. Nyimbo kumi walizozitaka wao ziliingia. Huo wakaupeleka kwenye toleo la Japani.