Mbwa wangu amenenepa mno, na kila tukila anatutolea macho. Nifanyeje?

Mama Wawili

Habari zenu wapenzi wa mbwa. Naandika kutoka Morogoro, huku Kihonda. Nina mbwa jike, chotara wa Labrador, anaitwa Popi, ana miaka sita. Alifungwa kizazi mwaka juzi na tangu hapo anaongezeka tu. Majuzi nilimpeleka kuchanjwa kichaa cha mbwa, daktari akampandisha kwenye mizani: kilo 38. Akaniambia kwa umbile lake alitakiwa awe kwenye kilo 30 hivi, akanisihi nimpunguze kabla magoti hayajaharibika. Chumba kilijaa watu na mbwa wao, sikupata nafasi ya kuuliza napunguzaje.

Mwenyewe naona hali ilivyo. Ngazi za baraza letu ni tatu tu, akifika ya pili anasimama kuhema. Zamani geti likigongwa anafika kabla yetu, siku hizi anabweka akiwa amelala pale pale. Ukimtazama kwa juu hana kiuno, mgongo umekuwa bapa kama meza.

Anakula ugali wa dona na dagaa, asubuhi na jioni, sufuria ndogo iliyojaa. Ila shida kubwa iko hapo katikati. Tunaishi na mama mkwe, umri umepita sabini, na anampenda huyu mbwa kweli kweli. Saa nne akinywa chai na chapati, Popi yuko miguuni na kipande chake kipo. Ukoko wa wali ni wa Popi. Ngozi ya kuku ni ya Popi. Watoto nao wakirudi na maandazi ni hivyo hivyo. Sasa amezoea. Mtu yeyote akishika sahani anakuja, anaweka kidevu kwenye goti, mate yanadondoka kwenye nguo, na ukimnyima anaanza kile kilio cha puani. Wageni wanashindwa kula.

Mama mkwe nikimwomba asimpe, ananijibu kwamba mbwa mkondefu ni aibu ya nyumba, majirani watasema tunamtesa. Siwezi kubishana naye na wala sitaki. Naomba mnisaidie: nipunguze nini, kwa kiasi gani, na huku kudoea kunaachishwaje bila kuleta maneno ndani ya nyumba?

Kijana wa Msamvu

Pole dada. Huyo ana minyoo. Mbwa anayekula hashibi ni minyoo hiyo. Mpe dawa, halafu mlishe mara moja tu kwa siku, jioni, mchana mfungie bandani. Atapungua mwenyewe.

Mzee wa Mabanda

Mama Wawili, poleni na hongera kwa kumpeleka kwenye chanjo. Mimi ni mstaafu, niko Moshi. Nimetunza mbwa wa ulinzi miaka mingi, kisha nikawa msaidizi kwa daktari wa mifugo, na hawa wanene nimewashughulikia wengi. Wanapona. Ila wanapona polepole.

Kwanza hili la minyoo. Kijana wa Msamvu kasema kwa nia njema, na dawa ya minyoo mpe kwa ratiba kama kawaida. Lakini minyoo humkondesha mbwa mzima, haimnenepeshi. Kilo nane alizozidi zimetoka jikoni. Na kumfungia mchana kutwa bila chakula kutamwongezea njaa na kumpunguzia mwendo, vyote viwili hatuvitaki.

Mpapase mbavu. Kunja ngumi, pitisha kidole juu ya vifundo: mbavu za mbwa mkondefu ziko hivyo. Fungua kiganja, papasa mgongo wa mkono: hapo ndipo tunapopataka, mbavu unazihisi bila kubonyeza. Sasa geuza mkono, bonyeza ile nyama nene chini ya dole gumba. Kama mbavu za Popi ziko hivyo, daktari hajakosea. Fanya hivyo mbele ya Mama, mshike mkono apapase mwenyewe. Wazee wetu wengi wamefuga ng'ombe na mbuzi, mkono wao unajua mafuta kuliko wangu.

Kuhusu ulafi, msimlaumu mbwa. Jike akishafungwa kizazi mwili unahitaji chakula pungufu, na hamu ya kula inapanda. Halafu ana damu ya Labrador. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cambridge kule Uingereza, wakiongozwa na Eleanor Raffan, walionyesha kwamba kama Labrador mmoja kati ya wanne ana kasoro kwenye jeni iitwayo POMC, mojawapo ya zile zinazouambia ubongo kwamba mwili umetosheka. Mwenye kasoro hiyo anashinda akiwaza chakula. Mwaka 2024 wakaongeza kwamba hata akiwa amepumzika mwili wake unatumia nishati pungufu kuliko wenzake. Huenda Popi kairithi. Anapokulilia, njaa anayoihisi ni ya kweli kwake, ndiyo maana nasema tusimtese. Tumpangie.

Sasa hesabu. Mbwa anayetakiwa awe kilo 30 tunaanza naye kwenye kalori 900 hivi kwa siku, kila kitu kikiwa ndani. Unga wa mahindi gramu 100 una kalori 360. Sufuria yako ndogo ikijaa, sitashangaa ikiwa imemeza unga gramu 250. Mara mbili kwa siku hizo ni kalori 1,800 kabla hujahesabu dagaa hata mmoja. Chapati moja ni kalori 200 na zaidi, kijiko kikubwa cha mafuta ya kupikia ni 120. Kwa Popi, chapati ya saa nne ni kama robo ya chakula chake cha siku nzima. Mwoneshe Mama hiyo robo kwenye sahani, ataelewa haraka kuliko maneno.

Ningekuwa mimi, kwa siku ningepika unga gramu 110, dagaa wakavu gramu 100, yai moja la kuchemsha, na mboga nyingi za kujaza tumbo: boga, karoti, maharage machanga, mchicha uliochemshwa bila mafuta wala chumvi. Gawa mara mbili. Dagaa waoshe vizuri, hasa wa maji chumvi. Unachokata ni ugali, dagaa usiwakate sana, maana mbwa akipungua bila protini anapoteza misuli badala ya mafuta. Kitunguu na kitunguu saumu visiingie kabisa, vinaharibu damu ya mbwa. Karatasi ya hesabu hii mpelekee daktari wako, mwulize unga wa madini na vitamini wa kuongezea, kwa sababu chakula cha nyumbani kikipunguzwa kwa miezi mingi kuna vitu vinapelea. Kama mnaweza kumudu kile cha mfuko cha kupunguza uzito, ni rahisi zaidi, mnapima kwa gramu basi.

Kupima uzito msihangaike. Pale mashine ya kusaga wana mizani ya magunia, ile ya kusimamisha chini. Mpelekeni kila baada ya wiki mbili, siku ambayo hakuna foleni. Apungue kati ya asilimia 1 na 2 ya uzito wake kwa wiki, kwa Popi ni gramu 400 mpaka 750. Kwa mwendo huo ni kati ya miezi mitatu na sita. Asiposhuka kabisa baada ya mwezi, na mna hakika hakuna anayempa pembeni, arudi kwa daktari apimwe tezi ya thairoidi. Na mkiona anakunywa maji na kukojoa kupita kawaida, tumbo linashuka, manyoya yanapukutika, msisubiri huo mwezi. Mwambieni pia daktari kama anameza vidonge vya kuwashwa, vipo vya jamii ya prednisolone vinavyomtia mbwa njaa ya ajabu.

Nije kwenye kudoea. Mbwa huyu amefundishwa kwamba kidevu kwenye goti kinaleta chakula. Akinyimwa mara tisa akapewa ya kumi, amejifunza kuvumilia mara tisa. Kwa hiyo mezani ni hapana kwa wote, pamoja na wageni. Mtandikieni mkeka wake pembeni, mahali anapowaona. Alishwe nusu saa kabla yenu. Wakati mnakula akae mkekani. Akiinuka arudishwe kimya kimya, bila kufokewa wala kutazamwa machoni. Mwanzoni atazidi: atalia, atapiga miguu, ataweka kidevu kwa kila mtu kwa zamu. Watu wengi hukata tamaa hapo, nanyi hapo ndipo msilegeze, maana kilio kinapopanda hivyo kiko karibu kukoma.

Kuhusu Mama, nakuomba binti yangu usimkataze kumpa. Mpe yeye ndiyo kazi. Tafuta kopo dogo, kila asubuhi weka humo sehemu ya dagaa za siku, waliooshwa na kukaushwa, na vipande vya karoti. Kopo lisizidi kalori 90, sehemu moja ya kumi ya siku. Hilo ni la Mama, hakuna mwingine kuligusa, watoto wakitaka kumpa Popi waombe kwake. Sharti ni moja: anatoa baada ya watu kumaliza kula, na Popi akiwa mkekani, siyo miguuni. Anampa mbwa wake kwa mkono wake kama alivyozoea, na mbwa anajifunza kwamba mkeka ndio unaolisha.

Na akirudia neno la aibu ya nyumba, mwambie hivi. Marekani walifuatilia Labrador 48 tangu wadogo mpaka kufa, wamepangwa wawili wawili wa uzao mmoja, mmoja akipewa robo pungufu ya chakula cha mwenzake. Majibu yalitoka 2002. Waliokula pungufu waliishi karibu miaka miwili zaidi, na maradhi ya viungo yaliwachelewa. Miaka miwili kwa mbwa ni mingi sana.

Dada wa Ngong

Mzee amemaliza yote, mimi naongeza mawili tu kutoka huku Kenya. Wangu alikuwa anakula kwa pupa, bakuli linaisha kabla sijasimama wima, halafu anaanza kuomba upya. Nilichofanya ni kuchukua trei ya mayai ya karatasi, chakula nakigawa kwenye vile vishimo, nafunika na trei nyingine juu. Anasukuma, ananusa, anatoa kimoja kimoja. Siku nyingine nawamwaga omena, yaani dagaa, kwenye nyasi nyuma ya nyumba awatafute kwa pua. Chakula ni kile kile lakini anakuja kulala ametosheka. Trei mwondolee akimaliza, asije akaila.

La pili ni matembezi. Kilo 38 kwa joto la Morogoro usimkimbize. Alfajiri au jua likishatua, barabara tambarare, dakika kumi, kisha uongeze kidogo kidogo kila wiki. Ulimi ukitoka mrefu na anatafuta kivuli, rudini.

Mama Wawili

Shikamoo mzee wangu, na asante sana. Dada wa Ngong asante pia, trei ziko tele hapa. Nimemsomea mama mkwe ujumbe wote jioni hii. Alinyamaza mpaka pale pa kopo, akauliza, "Kwa hiyo la kwangu peke yangu?" Nikamwambia ndiyo mama. Ameshachagua, kopo la majani ya chai lenye mfuniko. Kupapasa mbavu alikubali, akapapasa mara mbili, akasema kweli huyu kafungana mafuta kama mbuzi wa kuchinja.

Unga nimepima kwenye mizani ya dukani kwa jirani. Sufuria yetu ni gramu 270. Mzee ulikadiria chini.

Mama ana swali lake moja na ameniambia niliandike kama alivyolisema: mifupa je? Anasema mbwa asiyepewa mfupa siyo mbwa.

Mzee wa Mabanda

Marahaba mwanangu. Mpe Mama salamu zangu, mwambie shikamoo kutoka Moshi.

Mifupa ya kuku iliyopikwa, hapana, hata mmoja. Inapasuka vipande vyenye ncha, nimeona utumbo uliotobolewa na mfupa wa paja. Mifupa ya supu iliyochemshwa nayo inavunjika na inaziba choo. Ngozi ya kuku na mafuta ya nyama pia viondoke, mbwa mnene akila mafuta mengi kwa mkupuo kongosho linaweza kuvimba, na huo ni ugonjwa wa kulazwa.

Akitaka sana, Mama amwombe mwenye bucha mfupa mbichi wa goti la ng'ombe, mkubwa kuliko kichwa cha Popi, usio na uboho unaoonekana. Amtafunishe robo saa akiwa anamwangalia, kisha amnyang'anye na kuutupa. Mara moja kwa wiki inatosha, na siku hiyo kopo libaki nusu.

Uzito wa mashine ya kusaga ukiupata, uandike hapa.