Naomba ushauri: pampu ya mafuta inakosa umeme baada ya kubadilisha injini

Wakuu, habari za kazi. Gari langu ni la zamani, lilitoka na injini ya kabureta, sasa lina injini ya EFI (inayopuliza mafuta kwa kuongozwa na umeme). Nikifungua swichi pampu inalia sekunde 2 na kunyamaza, kama inavyotakiwa. Linawaka vizuri, ila nikitembea dakika 20 hivi linaanza kukosa, halafu linazima. Likipoa linawaka kama si lenyewe.

Pampu hii ni ya pili. Ya kwanza niliitupa kwa kusikiliza maneno ya watu, najuta.

Jana nikachukua mita. Soketi ya pampu ikiwa imechomolewa napata volti 12.4, nikafurahi bure. Nilipochomeka pampu ikazunguka, zikashuka hadi 9.1, na betri ina 12.3. Kati ya hasi ya pampu na hasi ya betri inapotea 0.2 tu, kwa hiyo bodi siishuku. Volti 3 zinapotelea upande wa chanya.

Rilei ya pampu (ile swichi inayowashwa kwa umeme) inachoma mkono, na plastiki kwenye mguu wake mmoja imegeuka kahawia. Fundi alichukua umeme wa rilei hiyo kwenye kiwaya chembamba cha swichi ya zamani.

Je, nivute waya mnene wa milimita 2.5 kutoka betri kupitia fyuzi ya ampea 15, kile kiwaya kibaki cha kuamsha rilei tu? Au kontroli boksi (kompyuta ya injini) ndiyo iiamshe? Na nitajuaje kama kosa ni waya au ni rilei yenyewe ndani?