Re: Re: Oili ya Land Cruiser ya mzee imezuiwa, anayejua fomu anisaidie

Dada wa Hamburg

Mbukwenyi wote, wakubwa shikamooni. Naandika nikiwa Dodoma, niko likizo kwa mzee Chang'ombe, na leo ni siku ya pili narudi nyumbani mikono mitupu. Iko hivi, mwezi wa 8 nilipakia kwenye kontena la kuchangia kule Hamburg madumu 4 ya lita 5 ya oili ya injini, mapya, sili haijaguswa, risiti ninayo, kwa ajili ya Land Cruiser ya mzee, ile HZJ75 ya 1992 ambayo nusu yenu imewabebea msiba au harusi. Mzigo umefika, nguo zimetoka, baiskeli ya mtoto imetoka, oili imebaki. Jina la ofisi silitaji. Dirisha la kwanza wananiambia vilainishi haviingii bila cheti cha ubora, dirisha la pili wananiambia hiyo ni bidhaa ya biashara nilete leseni. Nikawauliza lita 20 ni biashara gani wakati gari lenyewe linakula karibu lita 10 kila tukimwaga, hiyo ni sevisi mbili tu imeisha! Kijana wa dirisha la tatu akaniambia kwa upole nijaze fomu ya matumizi binafsi, ila fomu hapo haipo na jina lake halijui.

Swali langu ni moja: nani amewahi kutoa oili kidogo isiyo ya kuuza? Fomu inaitwaje, na TIN inatakiwa yangu au ya mzee?

Kaka wa Coventry

Pole sana dada. Mimi yalinikuta kwa betri za sola, 2019, nilizunguka siku 6 mpaka kiatu kikaachia soli. Angalia TANSAD, ile hati ya forodha ya mzigo, imetoka kwa jina la nani, kama wakala wa forodha ameandika kontena zima kwa jina lake basi wewe huna sauti, mbane yeye kwanza. Halafu waambie unatumia jedwali la tano la EACCMA, ile sheria ya forodha ya Afrika Mashariki, vitu binafsi havilipiwi.

Mzee wa Ipagala

Kijana usimpoteze mwenzio. Jedwali la tano nimelitumia mimi mwenyewe niliporudi, nalijua. Msamaha ule nilioupata mimi ni wa anayerudi kukaa moja kwa moja, na hata gari lazima uwe umelimiliki na kulitumia huko ulikotoka angalau miezi 12. Huyu yuko likizo, tena dumu lenye sili utasemaje ulikuwa unalitumia? Akienda na hoja hiyo watamrudisha dirisha la kwanza. Na biashara ya vilainishi nchini ina leseni ya EWURA, wale wadhibiti wa nishati na maji, kweli, kwa hiyo huyo wa dirisha la pili hakuitunga, ila leseni ni ya anayeuza. Watu tuwe tunasoma kabla ya kuandika.

Fundi wa Kizota

Dada kabla hujarudi huko kesho, hiyo oili ni ipi? Niandikie yote yaliyoko kwenye dumu.

Dada wa Hamburg

Fundi asante. Picha ya risiti inasema 5W-30, ACEA C3. Muuzaji aliniambia nzuri kabisa hata kwa dizeli, na mimi nikaona hiyo C nikajua ni ya dizeli. Bei yake sitaki hata kuikumbuka.

Fundi wa Kizota

Hapo ndipo wengi mnapoteleza na sio kosa lako, mtu anasikia C anajua dizeli. Kuna vyama viwili vinatumia herufi. API ni Wamarekani, kwao S ni petroli na C ni dizeli, ndio unaona CD, CF-4, CI-4, CK-4, kadiri herufi ya pili inavyosogea mbele ndivyo oili ilivyo mpya zaidi. ACEA ni Wazungu wa Ulaya, na C yao ni oili ya magari madogo yenye chujio la masizi kwenye ekzosi, imepunguzwa dawa zinazoacha majivu ili chujio lisizibe. Sasa hiyo 1HZ, injini ya Land Cruiser ya mzee, chujio hilo inalo wapi? Ile ni dizeli ya kizamani, mafuta yanaanza kuwaka kwenye kachumba kadogo pembeni, masizi mengi yanaishia kwenye oili, ndio maana unamwaga leo kesho ukichomoa stiki imeshakuwa nyeusi, na hiyo sio ugonjwa. Injini kama hiyo inataka oili yenye dawa nyingi ya kubeba uchafu na kuua asidi, kwa sababu asidi inatokana na salfa ya dizeli, na kiwango chetu kilishushwa mpaka 50 ppm (sehemu 50 kwa milioni) 2015 wakati huko Ulaya ni 10.

15W-40 yenye CI-4, basi. Ipo Dodoma, haihitaji kontena. Hiyo 5W imepimwa kwa baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri, 15W kwa nyuzi 20 chini ya sifuri, sisi usiku wa Julai unashuka mpaka 13 hivi, unailipia baridi ambayo hatuna. Oili yako haitaiua injini, usiogope, ila sio ya kuipigania madirisha matatu.

Kaka wa Coventry

Fundi mimi sikubaliani. Sinthetiki ni sinthetiki, huku naweka 5W-30 kwenye Corolla yangu ya 1997 na MOT, ule ukaguzi wa lazima wa magari wa huku, inapita kila mwaka.

Fundi wa Kizota

Corolla yako ni petroli kaka. Tunaongelea dizeli ya cc 4,200 inayopanda Kondoa na magunia ya alizeti. MOT haipimi oili iliyomo ndani, inaangalia kama inavuja.

Kaka wa Coventry

Na kuvuja wanapima kweli, wanaangalia kama dakika 5 zinatosha kutengeneza dimbwi la upana zaidi ya milimita 75 chini ya gari, ukizidi umefeli. Sili ya nyuma ya krenki yangu iliwahi kunifelisha hivyo. Sijabisha kwa ubishi fundi, nimeelewa.

Mama wa 504

Naomba nami nisaidiwe jamani, marehemu aliacha Peugeot 504 pale Kikuyu, mwanangu analifufua. Aliyeko Leeds kaniambia oili mpya zote zinasaga kamshafti kwa sababu zinki imetolewa. Ni kweli?

Fundi wa Kizota

Shikamoo mama. Ukweli nusu. Kamshafti ya 504 inasugua tapeti moja kwa moja, inahitaji zinki na fosforasi za kutosha. Oili nyepesi mpya kama 5W-30 za petroli, kuanzia madaraja ya API ya SM kuja SN na SP, fosforasi imewekewa kikomo cha asilimia 0.08 kwa ajili ya kulinda katalisti ya ekzosi. Nzito kama 20W-50 kikomo hicho hakizibani. Basi mwekee 20W-50 ya petroli, dumu lenye sili, usikubali ya kupima kutoka kwenye pipa hata akwambie ni ya jana. Na dumu likiisha litoboe kwa msumari kabla ya kulitupa, madumu mazima ndiyo wanajaza tena uchafu na kuuzia watu.

Mzee wa Ipagala

Hilo la kutoboa dumu liandikeni ukutani.

Kaka wa Coventry

Mmenikumbusha 504 za abiria enzi hizo, unatoka Kongwa umejaa vumbi mpaka kope. Saa hizi mnapanda SGR masaa machache mko Dar. Sisi tuliochukua pasi za huku tumekuwa wageni kwetu, hiyo hadhi maalumu ya diaspora sio uraia, semeni mtakavyo. Mama yangu yuko Mpwapwa na mimi napanga foleni ya wageni.

Mzee wa Ipagala

Uraia pacha tulishaujadili hapa mpaka watu wakanuniana. Tusirudie.

Dada wa Hamburg

Fundi nimekusikia, leo nimenunua 15W-40 CI-4 na filta, tumemwaga pale gereji chini ya mwarobaini. Mzee alikataa kukaa kwenye kiti. Alisubiri injini ipoe, akachomoa stiki mwenyewe, akaifuta kwa kitambaa chake cha jasho, akachovya tena, akaichukua oili kidole gumba na cha shahada akaisugua taratibu kama anapima unga wa uwele, halafu akasema "hii sasa inashika". Ile chafu fundi kaiweka pembeni, jirani anaitaka apake nguzo za zizi kuzuia mchwa. Hamburg muuzaji wa oili analazimika kisheria kuipokea ile chafu ukimrudishia, hapa nilitaka kusema kitu nikaona mzee ananiangalia nikanyamaza, ila kwa kweli linaniumiza, ile inaishia kwenye udongo uleule tunaochimba visima.

Lakini madumu yangu 4 bado yako kule na wameniambia kuna gharama za kuhifadhi zinahesabika. Nikitoa nitampa binamu, ana gari jipya lenye hilo chujio. Kesho naenda saa 2 asubuhi. Hiyo fomu inaitwaje jamani?

Mama wa 504

Asante sana fundi, Mungu akuweke. Dada, mkipata mzigo mpitie Kikuyu mwangalie hilo gari, mwanangu amekwama kwenye kabureta.

Kaka wa Coventry

Dada mvua imeanza hapo mjini? Mama anasema Mpwapwa bado, wametayarisha shamba wanaangalia mbingu.